Kuchangia Damu Mwanza na Kanda ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo sisi wahamasishaji wa kujitolea tunaulizwa kila tunapokwenda kuomba watu wachangie damu: soko la samaki Kirumba, stendi ya Buzuruga, vyuoni, kwenye viwanja vya makanisa na misikiti, na kwenye mialo ya wavuvi. Tumeyajibu kwa lugha tunayoitumia tukiwa huko. Panapohitaji uamuzi wa kitabibu, mhudumu wa kituo cha damu ndiye mwenye neno la mwisho.

Mchangia damu ni nani hasa?

Ni mtu mzima mwenye afya njema anayekubali kutolewa damu ili itumike kumtibu mtu mwingine. Wapo wanaomwita mchangiaji, na wazee wengi bado wanasema mtoa damu. Wote wanamaanisha mtu huyo huyo.

Wachangiaji si wa aina moja, na tofauti yao ni kubwa. Yupo wa hiari, anayekuja bila kuwa na mgonjwa wodini na bila kujua damu yake itakwenda kwa nani. Yupo wa kufidia, yaani ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzako anayeitwa kwa sababu mgonjwa wenu ametumia damu au anaihitaji. Wa tatu ni anayelipwa. Huyo hatakiwi kabisa, na sababu tutaieleza mbele.

Kwa nini mnatusihi tuje wakati hatuna mgonjwa?

Kwa sababu damu inayookoa mtu ni ile ambayo tayari iko kwenye jokofu. Mama akianza kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufariki ndani ya saa chache, wakati mwingine chini ya mbili. Ndugu yake anayepanda gari kutoka Magu au Misungwi hawezi kumuwahi. Hata akifika, hatolewi mkononi na kuunganishwa moja kwa moja na mgonjwa. Lazima apimwe afya, damu yake ichunguzwe magonjwa, ijulikane kundi lake, kisha ilinganishwe na ya mgonjwa. Hayo yote yanachukua muda ambao mama yule hana.

Watoto nao wako hivyo hivyo. Kanda ya Ziwa bado ina malaria nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi, na malaria kali hula damu ya mtoto mdogo kwa kasi ya kutisha. Bibi zetu walijua kuangalia: mtoto ukimfunua kiganja ukakuta kimepauka, ukishusha kope la chini ukakuta hakuna wekundu, anapumua kwa haraka na kunyonya hataki, huyo hasubiri kesho. Mtoto wa kilo 10 anaweza kuhitaji mililita 200 tu za damu, chini ya nusu ya chupa moja (mfuko mmoja) anayotoa mtu mzima. Kiasi kidogo namna hiyo kinapokosekana, inauma sana.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii. Kwa miaka mingi benki za damu nchini zimetegemea sana wanafunzi wa sekondari na vyuo, maana ni rahisi kuwakuta wengi mahali pamoja. Sasa angalia kalenda. Masika huishia Mei, malaria hupanda wiki zinazofuata, na Juni shule zinafungwa. Mwisho wa mwaka ni hivyo hivyo: vuli inanyesha, barabara zinajaa wasafiri na ajali zinaongezeka, wanafunzi wako likizo. Damu inapungua katika miezi ile ile inayohitajika zaidi. Ndiyo maana tunawafuata watu wazima wenye kazi zao: wauza samaki, mafundi, walimu, madereva, watumishi wa ofisini. Mtu mzima mmoja anayekuja bila kukosa kila baada ya miezi michache ana thamani kubwa sana kwetu.

Tunahitaji damu kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ili nchi ikidhi mahitaji yake ya msingi, idadi ya chupa za damu zinazokusanywa kwa mwaka isipungue asilimia 1 ya idadi ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 3.7 katika Mkoa wa Mwanza. Kwa hesabu hiyo, mkoa wetu peke yake ungehitaji kama chupa 37,000 kwa mwaka, na hapo hatujawahesabu wagonjwa wanaoletwa hospitali ya Bugando kwa rufaa kutoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga.

Nani anaruhusiwa kuchangia?

Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, asiye na homa wala ugonjwa unaomsumbua siku hiyo, na ambaye wingi wa damu yake unatosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, iwe angalau gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke na 13 kwa mwanaume. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne.

Mjamzito hachangii. Anayenyonyesha anaombwa asubiri, kwa sababu mwili wake bado unalea. Aliyetoka kuugua malaria, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyechanjwa chale au kuchorwa tatuu, anayetumia dawa za muda mrefu: hao waseme ukweli mezani, watapangiwa muda au kuelezwa kama inawezekana. Kuambiwa subiri si kufukuzwa.

Nikifika nitafanyiwa nini?

Utaandikishwa na kuulizwa maswali kuhusu afya na maisha yako, mengine ya faragha kabisa. Utapimwa uzito na presha. Mhudumu atakudunga ncha ya kidole na kuchukua tone la damu ili ajue kama wingi unatosha. Ukiwa sawa, unalala kwenye kitanda au kiti cha kuegemea, mkono unafungwa mpira juu ya kiwiko, unaambiwa ukunje ngumi, naye anapapasa mshipa kwa vidole viwili mpaka aupate. Ngozi inasafishwa kwa dawa. Sindano ni mpya, inafunguliwa mbele yako na haitumiki tena. Uchungu ni wa kuingia tu, basi.

Mfuko unachukua mililita 450 hivi. Ndani yake kuna dawa ya kuzuia damu isigande, ndiyo maana utaona unatikiswa polepole wakati unajaa. Inachukua kama dakika 10. Baada ya hapo unakaa kidogo, unakunywa soda au juisi na biskuti, na tafadhali usiikatae soda hiyo kwa aibu wala kukimbilia daladala. Wanaozimia mara nyingi ni wale walioinuka haraka, au waliokuja bila kula.

Damu yangu haitapungua? Sitadhoofika?

Mtu mzima ana lita 5 hivi mwilini, wengine pungufu kidogo na wengine zaidi. Sehemu ya majimaji unayotoa inarudi ndani ya siku moja au mbili ukinywa maji ya kutosha. Chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa, na madini ya chuma yanachukua muda zaidi. Miezi ile mitatu au minne imewekwa kwa sababu hiyo.

Huna haja ya kutafuta kitu maalumu cha kuongeza damu. Rozela na bitiruti ni vinywaji vizuri, ila havijazi damu kwa siku moja kama inavyosemwa vijiweni. Kula maini ukiyapata, nyama, dagaa, maharage, mchicha, matembele, kisamvu, na baada ya chakula ule chungwa au pera, maana vitamini C inausaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye mboga. Chai ya rangi iache kwanza, unywe saa moja au mbili baada ya kula, kwa kuwa inazuia chuma hicho kisichukuliwe. Sisi watu wa ziwani tuna bahati na dagaa: ni wa bei nafuu kuliko nyama na wana chuma.

Mimi ni mvuvi. Usiku niko majini, naweza kuchangia?

Unaweza, ila chagua siku. Siku uliyochangia usivute nyavu, usibebe mizigo mizito, na usiende majini usiku huo. Kizunguzungu kikikukamata ufukweni utakaa chini, lakini kikikukamata ndani ya mtumbwi ni hatari nyingine kabisa. Wavuvi wa dagaa wanajua jibu lao: wakati wa mbalamwezi, taa hazivuti dagaa na watu wengi wanapumzika. Hizo ndizo siku zenu. Tunaomba viongozi wa mialo mtushirikishe, tupange uchangiaji uangukie siku hizo badala ya kuja wakati wa giza na kukuta mwalo mtupu mchana, watu wote wamelala.

Bodaboda nao, na mafundi wa kupanda juu: pumzikeni kwanza, kazi ngumu iwe kesho yake.

Nilikataliwa kwa kuwa damu ni kidogo. Nifanye nini?

Nenda hospitali au kituo cha afya, usiishie kununua dawa za kuongeza damu dukani. Huku ziwani upungufu wa damu una sababu zake zinazojulikana. Kichocho cha tumbo kimeenea sana ufukweni na visiwani, kwa kuwa watu wanaoga, wanafua, wanachota maji na kuvua kwenye maji yenye konokono wanaobeba vimelea vyake. Minyoo ya safura nayo inanyonya damu kimya kimya. Malaria za kujirudia zinaongeza. Wanawake wengine wanapata hedhi nzito kwa miaka na kudhani ndivyo walivyoumbwa. Yote haya yanatibika, na dawa ya kichocho inapatikana kwenye vituo vya serikali. Wapo waliogundua tatizo lao mezani kwetu, kwa tone lile la kidoleni, wakatibiwa, wakarudi baadaye na kuchangia.

Nimechangia bure, mbona nasikia damu inauzwa hospitali?

Swali hili linaulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Msimamo wa nchi hauna utata: damu haiuzwi. Anayekuomba pesa ili mgonjwa wako apewe chupa anavunja utaratibu. Dai risiti, mwone mganga mfawidhi au afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, na toa taarifa. Usinyamaze kwa kuogopa kwamba mgonjwa atasusiwa.

Ni kweli pia kwamba damu ina gharama kabla haijamfikia mgonjwa: mifuko, vitendanishi vya kupima, majokofu, mafuta ya gari, mishahara. Gharama hizo zinabebwa na serikali na wadau wake, si na familia iliyokaa wodini.

Halafu kuna wale wanaozunguka karibu na mageti ya hospitali wakisema, "Nipe kiasi fulani, nitajifanya shemeji yako." Ndugu wa mgonjwa wakiwa wamechanganyikiwa hukubali. Tunawasihi msifanye hivyo. Anayeuza damu ana sababu ya kuficha. Ataficha ugonjwa, ataficha kwamba alichangia kwingine wiki iliyopita, ataficha jinsi anavyoishi. Vipimo ni vizuri, lakini maambukizi mapya kabisa yanaweza yasionekane kwa siku za mwanzo, na hapo kinga iliyobaki ni ukweli wa mchangiaji. Pesa inauondoa ukweli huo.

Damu yangu inapimwa nini, na majibu nitayapata?

Kila chupa inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, pamoja na kundi la damu. Ikionekana na tatizo haitumiki. Majibu ni siri yako. Ukitaka kuyajua unarudi na kadi yako, unakaa na mshauri, na kama kuna la kutibiwa unaelekezwa pa kwenda.

Tunaomba kitu kimoja: usije kuchangia kwa lengo la kupima UKIMWI kwa mlango wa nyuma. Kupima ni bure kwenye vituo vya afya vya serikali. Ukiwa na wasiwasi na jambo ulilofanya wiki hizi, kapime huko kwanza, sisi tutakungoja.

Damu niliyotoa kwa ajili ya shangazi yangu itakwenda kwa shangazi?

Mara nyingi hapana. Shangazi anapewa damu inayolingana naye iliyokwisha kupimwa, na yako inaingia benki badala ya ile aliyotumia. Ndiyo maana hata kama makundi yenu hayalingani, bado unaombwa uchangie.

Makundi ya damu yanafanyaje kazi?

Yako manne: A, B, AB na O. Mfumo huu uligunduliwa na Karl Landsteiner, mwanasayansi wa Austria, mwanzoni mwa karne ya 20. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1868, na kwa heshima yake Siku ya Wachangia Damu Duniani ni Juni 14 kila mwaka. Kila kundi linaweza kuwa chanya au hasi. Huku kwetu kundi lenye watu wengi zaidi ni O chanya, na hasi ni wachache sana. Chembe nyekundu za O hasi zinaweza kupewa karibu mgonjwa yeyote wakati wa dharura, kwa hiyo ukiwa O hasi waachie namba yako ya simu na upokee ukipigiwa, hata ikiwa usiku.

Chupa moja inasaidia mtu mmoja tu?

Inaweza kusaidia zaidi ya mmoja, kwa sababu damu hutenganishwa. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano hadi sita na huwasaidia waliopungukiwa. Chembe sahani, zinazogandisha damu, hukaa siku 5 tu, na wagonjwa wa saratani wanaopata dawa kali ndio wanaozingoja zaidi. Majimaji ya damu hugandishwa na yanaweza kufikisha mwaka. Hizo siku 5 zinaonyesha kwamba kampeni moja kubwa ya Juni haitoshi hata ikijaza uwanja.

Kwa nini kila mara mnataja sikoseli?

Kwa sababu hapa ndipo ilipo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na sikoseli (selimundu), ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, makadirio yakifika watoto 11,000 kwa mwaka, na Kanda ya Ziwa iko mbele. Uchunguzi wa watoto wachanga uliofanywa katika kanda hii ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano amebeba kinasaba chake kutoka kwa mzazi mmoja. Wenye ugonjwa wenyewe, waliorithi kwa baba na mama, ni kama 12 kwa kila 1,000.

Chembe nyekundu za mtoto huyu zinakufa mapema na kujikunja. Akipata malaria, damu inashuka ghafla. Akipata kiharusi, na watoto wa sikoseli hupata, anaweza kuhitaji kuongezewa damu mara kwa mara, mwezi hata mwezi. Dawa ya hydroxyurea imewasaidia wengi kupunguza maumivu na kuongezewa damu, ila si kila familia inaimudu au kuipata karibu. Familia ya mtoto wa namna hii imeshawaomba ndugu wote. Mjomba amechangia, baba mdogo amechangia, majirani wamechangia, na mwezi ujao chupa nyingine inahitajika. Hawa ndio tunaowaza tukisema mchangiaji wa hiari. Ndugu wa kufidia wanaisha. Mtaa mzima hauishi.

Mwenye ugonjwa wa sikoseli hachangii. Aliyebeba kinasaba tu na hana ugonjwa anaweza kukubaliwa, ila amwambie mhudumu, maana damu yake haifai kupewa kila mgonjwa.

Babu yangu ananionya kuhusu mumiani. Nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima. Hadithi za mumiani wanaonyonya watu damu zilienea Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, wakati watu walichukuliwa na kupimwa na wageni bila kuelezwa kitu. Hofu ile ilikuwa na mizizi. Sasa mwalike aje aone: mezani kuna wahudumu wenye vitambulisho, fomu unayoisaini mwenyewe, mfuko wenye namba yako, na unaweza kubadili nia dakika yoyote kabla ya sindano na hata baada ya kuondoka, ukawapigia ukasema damu yako isitumike. Wapo wazee waliokuja kumzuia mjukuu wakaishia kumshikia koti.

Dini zinasemaje?

Makanisa na misikiti mingi ya hapa Mwanza inatupokea na kututangazia. Mashahidi wa Yehova hawapokei damu kwa imani yao, na tunaiheshimu. Wakati wa Ramadhani, kwa afya yako ni bora uchangie baada ya kufuturu. Hukumu ya funga muulize sheikh wako.

Mnapokea pia wachangiaji wa figo?

Hapana, hilo lina njia yake. Upandikizaji wa figo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2017 na baadaye Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, na anayetoa ni ndugu aliye hai, anayepimwa kwa kina na kushauriwa kwa muda mrefu. Kama una mgonjwa anayesafishwa damu, anza kwa daktari wake. Na kama ilivyo kwa damu, figo haiuzwi. Anayekupigia simu kutaka kununua ni mhalifu.

Nikachangie wapi?

Mwanza ndipo kilipo kituo cha Kanda ya Ziwa cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Unaweza pia kwenda Bugando, Sekou Toure, au hospitali ya wilaya yako. Ule chakula cha kawaida, unywe maji mengi, ulale vizuri usiku uliotangulia, uje na kitambulisho.

Sisi tuko kisiwani. Mtatufikiaje?

Damu inasafirishwa kwenye kisanduku cha baridi na lazima ifike maabara kwa wakati, kwa hiyo safari ya kisiwani hupangwa kufuata ratiba ya kivuko au boti. Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la kwenda na kutoka Sengerema halisubiri kivuko tena, na kazi upande ule imekuwa nyepesi. Ukerewe na visiwa vyake bado ni maji. Andikeni majina ya watu walio tayari, wasiopungua 30 hivi ili safari iwe na maana, mpeleke kwa mganga mkuu wa wilaya kupitia zahanati yenu, mkitaja pia tarehe za mbalamwezi ambazo watu watakuwa nchi kavu. Tafuteni chumba chenye kivuli, meza mbili, viti, na maji ya kunywa. Vingine timu inakuja navyo.